Nyati na Nyumba ya Nguchiro

Hapo kale, wanangu, enzi zile wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika vyunguni na kufunga milango yao kwa komeo, palikuwa na mji mmoja mdogo uitwao Kibondeni. Wenye nguvu walijenga juu, mlimani. Wanyonge walijenga chini, kando ya mto, kwa sababu huko ndiko walikoachiwa.

Juu kabisa aliishi Nyati. Na Nyati huyu alikuwa na nyumba, jamani! Ya mawe, vyumba vitano, baraza pana la kuanikia mahindi na la kukalia wageni. Tena ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mji, na muhuri wa mji aliuning'iniza shingoni kwa kamba, hauvui hata akienda kuoga. Mke wake, Bi. Mbogo, alikuwa mpishi hodari. Shamba lilikuwepo, chakula kilikuwepo, afya ilikuwepo. Utauliza, huyu alikosa nini?

Alikosa raha. Chochote alichopata mwingine kilimchoma yeye. Kobe akinunua sufuria mpya, Nyati anaacha kumwamkia. Swala akisifiwa harusini, Nyati anaondoka kabla ya pilau. Mara moja Kanga alitaga mayai kumi na mawili, na Nyati, ambaye hatagi, akanuna siku mbili.

"Mume wangu," Bi. Mbogo alimwambia siku hiyo, "wewe mayai ya nini?"

"Si mayai," akajibu Nyati. "Ni vile anavyotembea sasa. Umemwona anavyotembea?"

Basi mwaka mmoja ikaja mvua. Ikanyesha siku nne, haipumziki. Siku ya tano asubuhi mto ukavunja kingo zake. Vuuuu! Maji yakapanda, mekundu kama chai, yakibeba magogo, vinu, vitanda na kuku. Wanyama wa chini wakakimbilia mitini na juu ya mawe makubwa. Kwa bahati hakufa mtu. Lakini maji yalipopungua, nyumba saba hazikuwepo tena.

Mojawapo ilikuwa ya Nguchiro.

Nguchiro mnamjua. Ni mnyama mdogo, mwili mrefu, pua ya kunusanusa, macho mepesi kama cheche. Huyu alikuwa msusi wa mikeka. Aliishi peke yake, katika nyumba ya miti na udongo aliyoijenga kwa mikono yake, akachota udongo kwa kibuyu miezi mitatu. Maji yalichukua kuta, yakachukua paa, yakachukua mikeka yote na kopo la bati alimokuwa ameweka hati ya kiwanja chake. Kilichobaki ni fremu ya mlango tu, imesimama peke yake matopeni kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Kwa Nyati je? Maji hayakufika hata kwenye ngazi ya kwanza.

Baada ya juma moja, mbiu ikalia. Puu! Puu! Puu! Mfalme Tembo alikuwa amemtuma Afisa Maafa, naye ni Korongo. Korongo alikuja kwa miguu yake mirefu, miwani puani, daftari kwapani. Akasimama uwanjani, akakohoa.

"Wananchi wa Kibondeni, poleni!"

"Tumeshapoa!"

"Mfalme ametoa ruzuku kwa waliobomolewa nyumba. Kila atakayestahili atapewa nguzo, fito, misumari, mabati kumi na sita, na mlango mmoja wa mninga wenye kitasa cha shaba."

"Aaaah!" wakaguna wote.

"Nimesema atakayestahili," Korongo akainua ukucha mmoja. "Fomu inauliza mambo manne. Nyumba iwe ni yako, si ya kupanga. Uwe ulikuwa unaishi humo siku ya mafuriko. Iwe imebomolewa na maji hayo, si na mchwa wala uvivu. Na usiwe na nyumba nyingine ya kujisitiri. Ambaye hati yake imechukuliwa na maji, mwenyekiti wake amthibitishie kwa muhuri. Ijumaa nitapita kukagua, nyumba kwa nyumba."

Foleni ikapangwa hapohapo. Wa kwanza kufika mbele alikuwa Fisi.

"Nimebomolewa, afande! Chumba chote!"

"Nyumba ni yako?"

"Ni ya Ngiri. Lakini naipenda kama yangu."

"Wewe ni mpangaji. Ngiri ndiye ataomba. Anayefuata!"

Akafuata Kiboko, anahema. "Nyumba yangu imejaa maji mpaka darini!"

Korongo akamtazama juu ya miwani. "Bwana Kiboko, nyumba yako ina maji siku zote. Unaishi mtoni."

"Ndiyo," akasema Kiboko, "lakini siku ile yalizidi."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wote walicheka, isipokuwa Nyati. Yeye alikuwa hasikii. Macho yake yalikuwa kwenye ghala la mji, ambako wapagazi walikuwa wakishusha ile mizigo. Aliyaona mabati yaking'aa. Kisha akauona mlango mmoja kati ya milango saba, ule aliosimama Nguchiro akiutazama. Mninga mwekundu, umepigwa randa, laini kama shavu. Na kitasa chake cha shaba kiliwaka juani kana kwamba kinamkonyeza.

Nyati akashika kifua. Mlango wake mwenyewe ulikuwa wa mkuyu. Ulikuwa mzuri mpaka asubuhi ile. Sasa akiukumbuka aliuona kama kipande cha kuni.

"Hivi kweli," akajisemea, "mlango ule ukae chini kule, kwenye kijinyumba cha mikeka? Na mimi, mwenyekiti, niupite kila siku nikienda mtoni, niamkie mlango?"

Kesho yake asubuhi, Nguchiro akapanda mlima na fomu yake mkononi.

"Hodi wenyewe! Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Nimeleta fomu yangu, Mwenyekiti. Hati imekwenda na maji, kama unavyojua. Naomba muhuri tu."

Nyati akaipokea ile fomu. Akaisoma polepole, akairudia, na kadiri alivyosoma ndivyo ule mlango ulivyozidi kung'aa kichwani mwake. Alimwona Nguchiro akitia ufunguo. Kla! Alimwona akifungua. Aliwaona wapita njia wakisimama na kusema, "Hongera, Bi. Nguchiro!" Ah!

"Nyumba yako," akasema, "ilikuwa wapi vile?"

Nguchiro akamkazia macho. "Mwenyekiti, mkeka unaoukalia sasa hivi ulikuja kuuchukua mlangoni kwangu."

"Nanunua mikeka mahali pengi. Siwezi kukumbuka kila mlango."

"Miaka tisa unapita pale!"

"Napita nikiwa na mawazo ya mji. Siwezi kuthibitisha kitu nisichokikumbuka. Muhuri si mchezo." Akamrudishia karatasi.

Nguchiro akaikunja karatasi, akaitia kwapani. "Mwenyekiti," akasema, "nalala kwenye baraza la Kobe. Mvua za pili zinakuja mwezi ujao. Bila muhuri jina langu litakatwa."

"Pole sana," akasema Nyati. Na alipomwona akishuka mlima kinyongenyonge, alihisi kifua kimepoa kidogo.

Lakini kidogo tu. Maana alipoketi kula, chakula hakikupita.

"Kunani?" akauliza Bi. Mbogo. "Ugali unaugeuza kama unatafuta pete."

"Nawaza ule mlango."

"Mlango gani?"

"Nimemzuia Nguchiro asiupate. Lakini bado upo, mke wangu. Upo ghalani, unang'aa. Mwingine ataupata. Kila atakayeupata si mimi."

Bi. Mbogo akaweka mwiko chini. "Umemnyima muhuri yule maskini? Wewe, mwenye vyumba vitano? Nani aliyekusukia mkeka wa harusi yetu bure?"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu!"

"Haya, kwako," akasema Bi. Mbogo, akainuka na vyombo vyake. "Kwako, kwako. Kila siku kwako."

Huko chini, Nguchiro alikaa juu ya jiwe, akasuka ukindu usio na mpango, vidole vikienda na akili ikienda. Aliipeleka fomu yake kwa Korongo hivyohivyo, bila muhuri. Korongo akaipokea, akatikisa kichwa: "Mpaka Ijumaa, Bi. Nguchiro. Zaidi ya hapo mikono yangu imefungwa." Akarudi kwenye jiwe lake. Akasuka tena. Mara akaacha. Akacheka peke yake, hi! hi! hi! akaficha mdomo kwa mkia.

Alhamisi asubuhi akapanda mlima tena.

Nyati alimwona tangu mbali akakunja uso. "Muhuri sitoi!"

"Wala sijaja kuomba muhuri, Mwenyekiti," akasema Nguchiro, sauti laini kama mafuta ya nazi. "Nimekuja kuaga. Nina dada yangu kule ng'ambo, aliniambia zamani nihamie kwake. Kwa nini nisumbuke na serikali?"

"Eh! Umefikiri vizuri," akasema Nyati, masikio yakisimama.

"Kwa hiyo kile kiwanja changu nimekiacha. Hakina hati, hakina mwenyewe. Atakayetangulia kusema ni pake, nani atabisha?" Akapiga hatua mbili kama anayeondoka, kisha akageuka. "Ila nasikitika kidogo. Nilitamani mlango ule uende kwa mtu wa heshima. Sasa naona utakwenda kwa Kiboko."

"Kwa nani?"

"Kwa Kiboko. Jana alisimama pale kwangu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, 'Mahali pazuri hapa.'"

Na hilo, wanangu, Kiboko alilisema kweli. Alikuwa anatafuta mahali pa kuota jua.

Nyati akasimama mzima mzima. Mvuke ukamtoka puani. "Kiboko! Yule wa matope? Aweke mkono wake wa matope kwenye shaba?"

"Hata mimi niliumia," akasema Nguchiro.

"Haupati! Bora niupate mimi!"

"Wewe, Mwenyekiti?" Nguchiro akafanya macho makubwa. "Kweli bwana, mbona sikuwaza! Nyumba ilikuwepo pale, fremu bado imesimama, mafuriko yameibomoa, kila mtu ameona. Imekosa jina tu. Na muhuri unao shingoni, humwombi mtu." Kisha akashusha sauti. "Lakini hapana. Ni hatari. Mwachie Kiboko."

Ah, angemchoma kwa mkuki Nyati asingeruka vile. "Lete fomu! Unayo nyingine?"

"Ninayo moja niliyochukua ya akiba. Lakini kwato zako, Mwenyekiti, na vistari hivi vidogo..."

"Wewe andika! Mimi nitagonga muhuri."

Nguchiro akakaa sakafuni, akachovya unyoya kwenye wino. "Fomu inauliza: palikuwa na nyumba ya makazi mahali hapo?"

"Palikuwepo!"

"Iliyokaliwa siku ya mafuriko?"

"Iliyokaliwa!"

"Ilibomolewa na nini?"

"Na maji ya mto, mimi mwenyewe niliona kutoka barazani hapa. Paa lilikwenda kwanza, kuta zikafuata. Andika!"

"Naandika." Krr, krr, krr. "Mwombaji ana nyumba nyingine?"

Nyati akatazama mawe ya nyumba yake, akatazama baraza. Lakini mbele ya macho yake aliona mkono mnene wa Kiboko ukishika kitasa cha shaba, ukikizungusha.

"Andika sina."

"Na hii ya mlimani nikiulizwa?"

"Andika ni ya mke wangu. Ndiyo. Nyumba ya mlimani ni mali ya Bi. Mbogo peke yake, mimi simo."

"Wewe ni mwerevu, Mwenyekiti," akasema Nguchiro, akiandika kila neno.

Nyati akavua muhuri shingoni, akaupulizia pumzi, haa, akaugonga kwa nguvu zake zote. TWAA! Vikombe vikaruka mezani, na fomu ikapelekwa kwa Korongo jioni ileile.

Ijumaa ikafika. Korongo akaja na daftari lake, na nyuma yake mji mzima, maana siku ya ukaguzi ni kama sherehe. Walipita kwa Ngiri, akapimwa, akapewa. Walipita kwa Sungura, akapewa. Nyati aliwatazama wakipewa, na kila bati lililobebwa lilimkwaruza rohoni. Lakini alijituliza: ngoja, langu linakuja.

Wakafika pale matopeni, penye fremu ya mlango iliyobaki imesimama. Korongo akafungua daftari, akakunja shingo.

"Hapa pana jambo. Nina fomu mbili za nyumba moja. Moja haina muhuri. Ya pili ina muhuri. Mwombaji wa kwanza ni Bi. Nguchiro. Yupo?"

"Nipo, afande," sauti ndogo ikajibu.

Nyati akageuka, shingo ikalia ko! "Wewe! Si uliniaga unahamia kwa dada yako?"

"Niliaga, Mwenyekiti. Sikusema nitaondoka lini."

"Na mwombaji wa pili," akaendelea Korongo, "ni Bwana Nyati."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Bi. Mbogo, aliyekuwa amesimama nyuma na kapu lake, akasogea mbele. Nyati akajikaza. Kurudi nyuma sasa? Mbele ya Kiboko, aliyekuwa anatabasamu? Hapana.

"Ni kweli," akasema. "Hii ilikuwa nyumba yangu."

Korongo akasoma kwa sauti: "'Palikuwa na nyumba ya makazi mahali hapa. Ilikaliwa hadi siku ya mafuriko. Ilibomolewa na maji ya mto, mbele ya macho ya mwenyekiti.' Haya yamethibitishwa kwa muhuri. Unayakubali?"

"Nayakubali yote."

"Vizuri. Basi nyumba ilikuwepo, ilikaliwa, na ilibomolewa na maji. Mambo mawili kati ya manne yamekwisha, hayana ubishi tena, yeyote atakayekuwa mwenye nyumba. Limebaki la nani mwenyewe, na la nyumba nyingine." Akafunga daftari. "Bwana Nyati, tafadhali ingia."

"Niingie wapi?"

"Ndani kwako. Mlango ni huu."

Nyati akautazama ule mlango. Ulimfika magotini.

"Mlango... ni mdogo kidogo," akasema.

"Ulikuwa unaingiaje kila siku?"

"Nilikuwa nainama."

"Inama basi, tuone."

Wanangu, ningetaka mngekuwepo. Nyati akapiga magoti, matope yakamfika tumboni. Akaingiza pua. Akaingiza pembe moja, akapinda kichwa, akaingiza ya pili. Akasukuma. Hmmmh! Akasukuma tena. Hmmmmh! Kichwa kikapita, shingo ikapita, mabega yakagoma.

"Kila siku?" akauliza Korongo.

"Siku nyingine... nilikuwa... nimepungua," akasema Nyati, sauti imebanwa.

Akataka kurudi nyuma. Pembe zikakamata. Akavuta, fremu haikwenda. Akavuta tena, fremu ikamkaba. Macho yakaanza kumtoka. "Nisaidieni!" akaguna. Kiboko akaja akamshika mkia, akavuta, Fisi akamshika Kiboko, wakavuta. Ihiii! Hakuna kitu. Aliyejenga fremu ile alijenga.

Hapo Nguchiro akapita katikati yao wote, polepole, miguu yake midogo haizami. "Mwacheni," akasema. "Mtamvunja shingo. Mwenyekiti, upande wa kushoto, chini, pana kigingi cha siri. Hukijui?"

"Ki... kigingi gani?"

"Nilikiweka mwenyewe, ili fremu ifunguke siku nikitaka kuingiza mtumba mkubwa wa ukindu. Mwenye nyumba anakijua." Akatia mkono matopeni bila hata kutazama. Tku! Kigingi kikatoka, mwimo, ule mti wa pembeni, ukalegea, na Nyati akadondoka kinyumenyume, pwaaa! Matope yakaruka mpaka kwenye miwani ya Korongo.

Mtu mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikamshika kila mmoja, mpaka Kobe akajificha ndani ya gamba lake acheke kwa nafasi.

Korongo akafuta miwani. "Mwenye nyumba amejulikana. Bi. Nguchiro, una nyumba nyingine?"

"Sina, afande. Nina baraza la Kobe."

"Umestahili." Akaandika. "Ruzuku kamili. Nguzo, fito, misumari, mabati na mlango."

Nguchiro hakucheza wala hakupiga vigelegele. Alikaa chini palepale, kwenye matope ya sebule yake, akalia. Bi. Mbogo akaweka kapu chini akamkumbatia.

"Sasa wewe," Korongo akamgeukia Nyati. "Anayeomba ruzuku isiyo yake hupewa kazi, ndiyo sheria ya Mfalme. Utabeba vifaa vya nyumba zote saba kutoka ghalani hadi viwanjani, kwa mgongo wako. Muhuri utanipa mimi, mji uchague mwingine. Na liko jambo la tatu."

"Bado lipo?" akauliza Nyati.

"Imeandikwa hapa, kwa muhuri wako: 'Nyumba ya mlimani ni mali ya Bi. Mbogo peke yake, mimi simo.' Siwezi kufuta muhuri wa serikali. Bi. Mbogo, hongera kwa nyumba."

"Ya kwangu?" Bi. Mbogo akashika mashavu. "Peke yangu? Jamani mmesikia? Kila siku alikuwa ananiambia kwake, kwake!"

"Tumesikia!" mji mzima ukajibu.

Basi Nyati akabeba. Alibeba mabati, yakamkata mgongo. Alibeba nguzo mbilimbili. Siku za mwanzo, kila mzigo ulimwuma mara mbili, uzito na wivu. Alikuwa akitua bati kwa Ngiri anasema moyoni, "Kwa nini yeye?" Lakini alipotua, alikuta watoto wa Ngiri wamelala chini ya turubai lililotoboka. Kwa Sungura alikuta jiko la mafiga matatu katikati ya uwanja mtupu, na chungu kimoja. Mambo haya alikuwa akiyatazama kutoka barazani kwake siku zote, lakini kutoka barazani vitu vidogo kama hivyo vilikuwa havionekani.

Kwa Nguchiro alikwenda mwisho. Alimkuta juu ya ngazi, misumari mdomoni, anapigilia fito. Ko, ko, ko.

Nyati akatua mlango wa mninga, akausimamisha taratibu ukutani ili usikwaruzike. Akasimama pale, anahema.

"Nguchiro."

"Naam."

"Nilikukumbuka siku ile. Nyumba yako naikumbuka tangu unachota udongo."

Nguchiro akatoa misumari mdomoni. "Najua, Mwenyekiti. Nishikie bawaba hiyo, nikiwa huku juu siifikii."

Akamshikia mpaka mlango ukakaa.

Jioni ile Nyati akapanda mlima, mgongo unawaka. Alipofika nyumbani alitaka kuingia kama kawaida. Akakumbuka. Akasimama barazani, akafuta kwato zake, akakohoa.

"Hodi."

"Nani?" Bi. Mbogo akauliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mumeo. Naomba kuingia."

"Umetoka wapi?"

"Kwa Nguchiro. Nyumba imekwisha."

Harufu ya kunde na nazi ilikuwa inatoka dirishani. "Ikoje hiyo nyumba?" akauliza Bi. Mbogo.

Nyati akafungua mdomo. Kitu cha zamani kikamkaba kooni, kile kilekile cha sufuria ya Kobe na mayai ya Kanga. Akameza mate. Kikashuka nusu, kikakwama, kikashuka tena.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Imempendeza."

Komeo likavutwa. "Basi pita ndani," akasema mkewe, "chakula kinapoa."

Na hadithi yangu imeishia hapo mezani, wanangu, na neno lake ni moja: msaada ni wa aliyepatwa, na anayemwonea wivu mwenye shida ajue anaitamani na shida yake.